Kilio Kilichosafishwa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kijijini Naipingo ukakaa juu ya mikorosho mpaka jua lilipokwisha kupanda, na baridi ilikuwa ile ya Juni, inayomfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili kabla hajakipeleka mdomoni.

Teodosia alisali rozari yake akiwa bado kitandani. Alimwomba Mungu siku ya amani, kisha akafunga kanga ya pili mabegani na kwenda Nachingwea mjini kununua salfa ya kupulizia mikorosho. Hakuomba zaidi ya hapo. Mtu ambaye ufuta wake umesimama shambani ukingoja kukung'utwa, na mikorosho yake inaanza kutoa maua, hana nafasi ya kuomba makubwa.

Salfa aliipata. Alipokuwa anatoka dukani, akaisikia sauti yake mwenyewe.

Ilitoka kwenye sabufa ya kibanda cha jirani, pale vijana wanapowajazia watu muvi kwenye flashi na memori kadi. Kwanza ulikuja mlio, ule mlio mrefu ambao Nachingwea nzima na Ruangwa nzima waliujua. Huo haukumshtua. Alikwisha kuuzoea kama mtu anavyozoea kovu lake. Kilichomsimamisha ni kile kilichofuata. Baada ya mlio, kwa sauti safi, iliyo karibu kana kwamba msemaji amesimama nyuma ya sikio, mwanamke alisema:

"Umerudi, baba Brigita? Kaa hapo. Ngoja nikupashie uji."

Vijana waliokuwa kibandani waliangua kicheko.

"Rudisha! Rudisha hapo kwenye uji!"

"Huyu bi mkubwa noma. Mzimu umetoka kaburini, yeye anaupashia uji!"

"Hayo ndiyo mapenzi, mwanangu. Wa kwako hata chai hakupi, na wewe uko hai."

Teodosia aliweka mfuko wa salfa chini. Kijana mwenye kibanda, aliyeitwa Ausi, akamwona.

"Karibu, mama. Unaitaka na wewe? Ni *Marehemu wa Naipingo*, toleo jipya la kutazamia nyumbani. Linazinduliwa leo Ruangwa saa nane, DVD na flashi. Zamani hapo palikuwa na muziki mtupu. Sasa sauti imesafishwa, kila neno unalisikia."

"Nani ameisafisha?"

"Kampuni moja ya Dar. Wamempata Harithi mwenyewe, aliyeitengeneza, na kanda yake ya mwanzo. Ona kava lilivyoandikwa: Kilio Chote, Bila Kukatwa."

"Huyo mwigizaji alikwenda wapi?" akauliza kijana mwingine. "Angekuwa staa yule."

"Nasikia alikufa," akajibu wa tatu, akiwa anachagua muvi.

Hakuna aliyemtambua. Teodosia akabeba mfuko wake akaondoka, na nyuma yake ile sauti ikarudishwa, na kicheko kikarudi pamoja nayo.

Yule mwanamke hakuwa mwigizaji, na lile halikuwa igizo. Lilikuwa msiba wa mume wake, Leonard, miaka mingi nyuma.

Leonard alikufa kwa maradhi ya kifua, asubuhi, wakati mke wake yuko jikoni anampashia uji. Aliporudi chumbani na bakuli, hakukuwa na mtu wa kulipokea. Basi wakamwandalia kaburi palepale shambani, chini ya mikorosho, kwenye ardhi ya ukoo wa Teodosia, maana Leonard alikuwa mwanamume aliyeoa akahamia ukweni, kama wanaume wengi wa huko.

Ukoo wa Teodosia na ukoo wa kina Mbaruku ni watani tangu enzi za mababu. Hawa Wakristo na wale Waislamu, lakini utani hauulizi dini. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, na ndiye mwenye ruhusa ya kufanya jambo ambalo mwingine akilifanya atatoka na meno mkononi. Atavaa nguo za marehemu. Atatembea kama marehemu. Atakalia jeneza na kukataa lisitoke mpaka wenye msiba walikomboe kwa kitu, hata kama ni kuku. Watu watacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na katika kucheka huko mwenye msiba hupata pumzi ya kufika kesho. Sheria yake ni fupi: mtani hana kosa.

Siku ile Mbaruku alivaa koti la Leonard na kofia yake ya pama, akashuka kaburini, akalala. Wanawake walikuwa wamemtoa Teodosia nje apate hewa, kwa kuwa alikuwa hajala wala hajalala. Mbaruku akainuka kutoka ndani ya shimo, pole pole, udongo ukimdondoka mabegani, akikohoa kikohozi cha Leonard chenyewe.

Akili ya Teodosia ilikatika kama uzi. Alipiga ule mlio. Kisha, kwa muda mfupi ambao hakuna aliyejua ni mfupi kiasi gani, aliamini. Aliamini kwamba Mungu ameghairi. Ndipo akasema yale maneno ya uji, kwa upole, kama mke anavyosema na mumewe mlango ukiwa umefungwa. Waliokuwa mbali walicheka. Mbaruku, aliyekuwa karibu na kuyaona macho yake, alivua kofia na kunyamaza. Utani wa siku hiyo uliishia hapo.

Yote yakawa yamerekodiwa. Brigita, binti yao wa pekee, alikuwa Mwanza na kichanga cha siku chache, hakuweza kusafiri, kwa hiyo familia ilimwomba Harithi, mtoto wa dada yake Mbaruku, ambaye alikuwa akirekodi harusi, aje na kamera yake ili binti aone baba yake alivyozikwa. Harithi alimtumia Brigita nakala. Kanda akabaki nayo.

Baadaye akaitengenezea filamu. Ilikuwa kazi ya kubahatisha: damu ilikuwa juisi nyekundu ya choya, mizimu ilikuwa majirani waliopakwa unga usoni. Lakini katikati yake palikuwa na yule mtu anayetoka kaburini na yule mwanamke anayelia, na hapo hapakuwa na unga. Harithi aliipeleka Namungo, kwenye kibanda umiza ambako wachimbaji wa dhahabu hukusanyika kutazama mpira. Mpira ulipokwisha akaiweka. Wanaume wanaoshuka mashimoni kila siku bila kutetemeka walitetemeka, kisha wakataka irudiwe. Kutoka hapo ikasambaa kama moto wa nyasi kavu. Watu waliikariri yote. Ikifika kwenye mlio, ukumbi mzima ulipiga mlio pamoja. Wanafunzi waliupiga wakati wa mapumziko, walevi waliupiga wakirudi nyumbani.

Wakati huo Teodosia alimfuata Harithi, naye akamjibu kwa heshima zote: "Mama Brigita, maneno nimeyafunika kwa muziki. Umebaki mlio tu, na mlio hauna jina. Halafu mimi si mtani wako? Mtani hana kosa." Alikwenda kwa wazee wa pande zote mbili, nao wakamwambia neno lile lile. Basi akalipeleka kwa Mungu. Ilimchukua muda mrefu mpaka akaweza kusali Baba Yetu bila kukwama pale penye "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea." Lakini alifika. Alijiambia kuwa kulia, mtu hulia mbele za watu; mlio wauchukue. Ule uji ulikuwa wa watu wawili, na ulikuwa salama chini ya muziki.

Sasa muziki umeondolewa.

Hakurudi Naipingo. Aliiacha salfa kwa mwenye duka na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mbaruku, pembeni ya mji. Alimkuta uani, mzee sasa, anachonga mpini wa jembe.

"Hee!" Mbaruku akasema bila kuinuka. "Mke wangu wa makaburini. Kumbe hujafa?"

"Nitakufaje na wewe bado hujamaliza huo mpini? Utanichimbia kwa kucha?"

"Kwa wewe ulivyokonda hata kijiko kinatosha."

"Na wewe tutakuzika kwenye pakacha. Mbaruku, nyamaza kidogo. Sikuja kwa utani."

Akamweleza. Mzee aliacha kuchonga.

"Maneno yanasikika?"

"Yote. Vijana wanayacheka mjini."

Mbaruku aliweka panga chini na kujipangusa vumbi la mti kwenye magoti.

"Mimi niliingia kaburini ili wewe utoke kwenye huzuni," alisema hatimaye. "Nilikosea kipimo, Mungu anajua, na nimeomba toba. Lakini utani wa makaburini unabaki makaburini. Tukishanawa mikono umekwisha. Sijapata kuona mtu anaubeba mgongoni kwenda kuuuza."

"Basi twende ukamwambie mpwa wako."

"Yule? Siku hizi nikimpigia simu anasema yuko kwenye kikao. Mjomba gani anakatwa na kikao?" Alitikisa kichwa. "Utamwambia nini?"

"Nitamwomba kwanza."

"Akikataa?"

"Akikataa nitakuwa mtani wake."

Mbaruku alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aelezwe, akacheka. Akaingia ndani kutafuta viatu.

Walifika Ruangwa watu wameshaanza kujaa. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vyeusi na vyekundu, na juu ya jukwaa lilitundikwa bango lenye picha ya Mbaruku mwenyewe anatoka kaburini, koti la Leonard likiwa mwilini. Chini ya bango, mezani, palikuwa na boksi kubwa la DVD zilizofungwa nailoni zinazong'aa. Harithi alikuwa amevaa suti, anapokea wageni. Alipomwona Teodosia alifungua mikono.

"Mama Brigita! Mtani! Na mjomba! Leo kweli ni baraka. Wawekeni hao mbele, mbele kabisa."

"Nina neno na wewe, baba," Teodosia akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kukuomba. Mlio uache, nimeshakuachia. Yale maneno ya uji yafute."

Tabasamu la Harithi halikuondoka, lilipungua tu.

"Mama, hayo maneno ndiyo yanayoibeba. Unajua wale watu wa Dar walifanya nini walipoyasikia? Walilia. Watu wazima, mama, walilia."

"Huku wanacheka."

"Wengine wanacheka, wengine wanalia, ndiyo sanaa. Sikiliza, nitaweka jina lako kwenye kava. Nitakupandisha jukwaani leo, watu wakupigie makofi. Na kifuta jasho hakitakosa."

"Sitaki jina. Sitaki makofi. Harithi, wewe una mke. Kuna neno umewahi kumwambia ambalo ungependa lipigwe kwenye sabufa?"

Harithi alitazama saa yake. "Mama, usinikasirikie. Sisi ni watani. Mtani hana kosa."

"Ni kweli," Teodosia akasema. "Hana."

Alipiga ishara ya msalaba, akapanda jukwaani. Alilichukua lile boksi kutoka mezani akaliweka sakafuni, akalikalia. Kisha akavua kanga ya mabegani akajifunika kichwani kama mfiwa, na kwa sauti ile ambayo wengi ukumbini waliijua bila kujua wanaijua, akaita:

"Nimeteka! Jeneza nimelikalia! Mimi ni mtani wa ukoo huu, hakuna anayezika leo mpaka wanikomboe!"

Wazee walioalikwa walielewa kwanza. Mama mmoja akapiga vigelegele, na mzee aliyekuwa nyuma akapaza sauti: "Enhee! Sasa ndiyo shughuli!" Vijana wakainua simu. Harithi naye alilazimika kucheka, maana mtu hakasiriki mbele ya mtani. Akikasirika, yeye ndiye anayechekwa.

"Mkomboe kwa mbuzi!" mtu alipiga kelele.

"Mbuzi wenu siwataki," Teodosia akajibu, "wamekonda kama Harithi alivyokuwa kabla hajaonja vya Dar."

Ukumbi ulilipuka. Mbaruku alisogea mbele akajifanya mpatanishi. "Basi huyu mtekaji aseme anataka nini. Mwenye msiba, uko tayari?"

"Niko tayari, mjomba."

"Nataka maneno yangu," Teodosia akasema. Kicheko kilipungua, kwa sababu sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Katika hii filamu yenu kuna maneno niliyomwambia mume wangu. Si ya kuigiza. Nilimwambia yeye. Yafuteni katika kila nakala, ndipo nitainuka hapa."

Minong'ono ilipita ukumbini: ni yeye, ndiye yeye mwenyewe, kumbe yuko hai. Harithi alitazama nyuso za watu, akamtazama kijana wa kampuni aliyesimama pembeni, kisha akainua mkono wa kulia juu kama mtu anayeapa.

"Nimekukomboa, mtani! Maneno yatafutwa. Kila nakala! Inuka, mama, tuzike."

Makofi yalipigwa mpaka mabati yakaitika. Teodosia aliinuka, magoti yakiuma, akalirudisha boksi mezani kwa mikono yake mwenyewe. Moyoni alisema, asante, Bwana. Alisema hivyo kweli, na kwa muda ule alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Ruangwa.

Ndipo kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango, mchimbaji wa Namungo kwa jinsi buti zake zilivyogandwa na udongo mwekundu, akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayetoa habari:

"Yafutwe wapi tena? Mimi ninayo kwenye simu tangu juzi. Machimboni tunayo wote, imerushwa kwenye magrupu."

Akaibonyeza ili waone. Ukumbini, kutoka kwenye kisimu kidogo chenye kioo kilichopasuka, ukatoka mlio, na baada ya mlio yakatoka maneno. Simu ya pili ikadakia upande wa pili, nyuma kidogo ya ile ya kwanza, kwa hiyo kila neno likasikika mara mbili. Mtu alicheka, kisha akajizuia.

Mbaruku hakumtazama yule kijana. Alimtazama mpwa wake.

"Ulijua?"

Harithi alishusha sauti. "Mjomba, mzigo umetoka wiki nzima sasa. Kampuni imeshauza mikoani, mtandaoni iko. Leo ni sherehe tu."

"Ulijua, na ukainua mkono."

"Ningesema nini mbele ya watu wote hawa? Si ulikuwa utani?"

Teodosia alisikia kila neno. Alielewa wakati huo kosa alilolifanya, nalo lilikuwa kosa la mtu aliyekulia katika utani na kuuamini. Alidhani mkombozi hawezi kukomboa kwa mkono mtupu, kwa sababu hakuwahi kumwona aliyethubutu. Alikuwa amelikalia jeneza, lakini maiti ilishatolewa zamani, inatembezwa mitaani.

Mshereheshaji aliona kimya kinakuwa kirefu akarukia kipaza sauti. "Makofi kwa watani wetu, jamani! Utamaduni huo! Sasa tuendelee na ratiba, mgeni rasmi anakaribia..."

Watu walipiga makofi. Waliyapiga kwa nia njema, na hilo ndilo lilimuuma Teodosia kuliko yote: walidhani wameona onyesho jingine, na simu zilikuwa bado juu.

Hakushuka. Alivua kanga kichwani, akaikunja pole pole, akaiweka begani. Mshereheshaji alimsogezea kipaza sauti, naye akakisukuma kando kwa mgongo wa mkono. Makofi yakafa yenyewe.

"Mbaruku," aliita, "njoo usimame hapa uwe shahidi. Na ninyi wenye simu, rekodini. Hili nataka lisikike."

Mbaruku alipanda, akasimama kando yake, kofia mkononi.

"Harithi," Teodosia akasema, "sikulaani. Namwogopa Mungu, na kinywa hiki nakihitaji kwa kusali. Kukusamehe nimewahi kukusamehe mara moja, na nikifika nyumbani nitaanza upya, sijui nitafika lini. Lakini mtani hana kosa, na wewe una kosa. Kwa hiyo wewe si mtani wangu."

"Mama Brigita, haijafika huko..."

"Imefika. Nisikilize, naahidi. Ukinitangulia, nitakuja msibani kwako. Nitakaa na wanawake wengine, nitamenya mihogo, nitakuombea kama ninavyomwombea kila maiti. Lakini koti lako sitalivaa. Kaburini kwako sitashuka. Jeneza lako sitalikalia, litoke tu, lipite, hakuna atakayelidai. Mkeo akilia sitamchekesha, na yeyote wa ukoo wangu atakayeinuka kumchekesha, nitamkalisha chini kwa mkono wangu. Atalia mpaka mwisho wa kilio chake, peke yake. Utazikwa kimya, Harithi, kama mgeni aliyefia njiani. Naahidi hivyo mbele ya mjomba wako na mbele ya watu hawa wote, na Mungu anisaidie nisiivunje ahadi yangu."